Gari la Mapazia

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, Mwanakuu alivua viatu akakanyaga sakafu kwa mguu wa kushoto, taratibu, kama anayekanyaga klachi, huku amefumba macho. Hapo nyumba ya kakake, humo Mji wa Kale, ilimwondokea. Akajiona yuko njia ya Tudor, upepo unamwingia shingoni, na hapana amuulizaye aendako.

Kakake, Jaffar, alimkubalia ajifunze kuendesha kwa sharti moja: gari liwe na mapazia, kama magari yanayopeleka mabibi harusini. Akalichagua mwenyewe, jeusi, refu, pua yake haiishi leo. Mapazia aliyashona Mwanakuu. Ya kwanza Jaffar akayakataa, ati yaonyesha. Akashona mengine, mazito, na kila mshono ulikuwa safari.

Siku ya somo, Mwalimu Abdulghafur aliketi kando yake pale Makadara. Gari likaondoka. Ndani mlikuwa na kigiza kitamu, kama chini ya shuka siku ya mvua, na Mwanakuu akahisi anaelea. Kumbe mkokoteni wa Karisa, muuza ndizi, ulikuwa ukitokea ubavuni, nyuma ya pazia. Mwalimu aliwahi kuvuta breki ya mkono, lakini ndizi zilishamwagika juu ya boneti. Karisa akainama, akauliza kwa upole humo ndani mna dereva au mna maiti.

Alasiri Mwalimu alimwendea Jaffar. Akamweleza kuwa gari la mwanafunzi ni dogo, lenye vioo wazi pande zote, mtu ajue linapoanzia na linapokomea. Anayo Moris yake, ndiyo ifaayo. Jaffar akasema kama Moris haina pazia, basi masomo yamekwisha. Mwalimu akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Mwanakuu, aliyekuwa nyuma ya mlango, akatoka.

"Kaka, mimi naitaka ile Moris."

"Watu watakuona."

"Nami niwaone, nisije nikawaua."

Jaffar hakupaza sauti. "Ukipanda gari lile, hapa usirudi."

 Mwanakuu akajitanda buibui, akafunga leso zake mbili kwenye kitambaa.

"Niwie radhi, kaka. Nitakuwa kwa mama mdogo Mejumaa, Tudor."

Akateremka ngazi polepole, kama atembeaye usingizini, akaingia kwenye kichochoro chenye mwanga wa dhahabu. Mlango ule hakuurudia tena.