Tovuti ya Somo Haiandiki Wageni

Somo wangu, yule aliyenifunda kabla sijaolewa, ana duka la udi na marashi Kariakoo, limebanwa kati ya muuza mapazia na muuza ndoo. Wanaojua wanajua kwamba nusu ya wateja wake hawana shida na udi. Wanawake wanaingia, wananusa hiki na kile, na wakati somo anawafungia mzigo wanamnong'oneza kilichowaleta: ndoa imepoa, tumbo linauma, mtoto hapatikani. Yanayohitaji maelezo marefu anayasikiliza nyumbani kwake Mchafukoge, ghorofani, na huko ana sharti lake. Kila mmoja anapewa saa yake, na wanawake wawili hawakutani ngazini. Ukifika mapema anakurudisha chini ukanunue maji wakati hata kiu huna. Mimi alishanirudisha, tena siku hiyo sikuwa na tatizo lolote, nilikuwa nimempelekea ubwabwa.

Kazi yangu mimi ni seva. Nina ofisi ghorofa ya tatu, hukohuko Mchafukoge, chumba kimoja chenye kiyoyozi ambacho si changu, ni cha mashine. Humo zimekaa tovuti za wafanyabiashara wa Kariakoo, wa vitenge, wa vipuri, wa vifaa vya simu, na mimi ndiye ninayehakikisha zinafunguka. Kazi naijua. Watu wakipanda ngazi zile wakanikuta mwanamke peke yangu huwa wanauliza fundi yuko wapi. Nawaambia wakae, fundi anakuja, halafu namaliza shida yao nikiwa palepale kwenye kiti.

Magoti yalipoanza kumsumbua somo, na simu za wanawake wa Lindi na Mtwara zikawa hazikatiki, nikamtengenezea tovuti. Mambo ya unyago hayamo. Yale ni ya chumbani na yatabaki chumbani. Tuliweka yale ambayo mke humuuliza somo wake kwa sauti ya chini, yeye akisema na mimi nikiandika. Neno la siri hatukuweka, wala kujiandikisha. "Atakayefika asome, aende zake," alisema. Wakaanza kufika, wengi kuliko tulivyotegemea, nami nikabeba kompyuta nikapanda kwake kumwonyesha, naringa kweli.

"Shikamoo somo. Njoo uone kazi yako."

"Marahaba mwanangu. Hii ni nini?" Aliweka kidole kwenye mistari iliyokuwa inashuka kwenye kioo.

"Hao ni wageni wako. Seva inamwandika kila anayeingia. Hii namba ni ya mtandao anaotumia, hii ni saa aliyoingia, huu ndio ukurasa aliousoma."

Akavua miwani. "Nani kakwambia uwaandike?"

"Siwaandiki mimi, somo. Inajiandikia yenyewe."

"Basi iambie iache."

Nikamweleza kwa heshima zote, kisha heshima ikaanza kupungua. Nikamwambia majina ya watu hayamo mle, ni namba tu. Nikamwambia rekodi ziko mbili, moja ya wageni na moja ya makosa, na hiyo ya makosa ndiyo macho yangu. Ukurasa ukigoma kufunguka, pale ndipo ninaposoma kilichogoma. Akiniondolea hiyo nitabaki napapasa.

"Na hiyo ya makosa," akauliza taratibu, "inamwandika na mtu aliyekuwa anasoma?"

Huyu mama bwana. "Inaandika namba yake, ndiyo. Na ukurasa alioutaka."

"Basi na yenyewe."

"Utanipa kazi ngumu, somo."

"Ndiyo maana nimekupa wewe," akasema, akarudisha miwani machoni, akaniuliza habari za mume wangu. Nilishuka ngazi nimenuna. Nimebishana na wanaume wenye makontena yao bandarini na nikawashinda, lakini mtu aliyekufunda huna pa kumshikia.

Nikazima. Rekodi ya wageni inazimika kwa neno moja tu kwenye faili la mipangilio, unaandika na kazi imekwisha. Nikaandika neno hilohilo upande wa makosa. Mwingine hapo angefunga kompyuta akashuka Feri kula samaki. Mimi siamini mpaka nijaribu. Nikachukua simu yangu, nikaiomba tovuti ukurasa ambao haupo, halafu nikarudi kwenye mashine kuchungulia. Lo! Kumbe seva ile, upande wa makosa, haielewi neno la kuzima. Ukiliandika inadhani umeitajia jina la faili, kwa hiyo ilikuwa imefungua faili jipya lenye jina hilo, na ndani yake nimo mimi, na namba yangu, na saa yangu. Nilicheka peke yangu mle ofisini. Dawa yake ni kuyaelekeza makosa yote kwenye shimo ambalo mfumo wenyewe unalo, ambalo kikiingia kitu ndio basi tena. Nikaelekeza, nikajaribu upya, kimya. Nikafuta lile faili, nikafuta rekodi zote za nyuma, na nakala zake za akiba nikazifuta.

Kazi ikawa ngumu kama nilivyosema. Siku hizi ukurasa wa somo ukigoma, natengeneza nakala ya tovuti pembeni, ninayoingia mimi tu, naisumbua huko mpaka ugonjwa ujitokeze. Inakula muda. Lakini nimekuwa fundi mzuri zaidi kwa sababu hiyo, na somo nimemwambia, na yeye amejifanya hakusikia.

Sasa, nina mteja wangu anauza vifaa vya simu kwa jumla, makava, chaja, vioo. Tovuti yake iko kwenye mashine ileile. Mtu mchangamfu, akifika huwa anapiga kelele tangu ngazini, "Dada mtaalamu, mambo!" Siku hiyo alipanda kimya, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Nikajua hakuja kwa ajili ya makava.

"Ile tovuti ya mambo ya ndoa," akasema, "ya yule mama wa udi. Chini yake nimeona jina la ofisi yako. Iko humu?"

"Imo."

"Namba ya mtandao wa nyumbani kwangu unaijua, ulinifungia mwenyewe. Nataka uniangalizie. Pale kwangu inasomwa kurasa gani?"

Nikamuuliza ana lengo gani. Hakunificha. Yeye na mkewe wameishi muda mrefu, mtoto hakuna, na mama yake amechoka kusubiri, anataka mwanamke arudishwe kwao. Yeye alikuwa anavutavuta muda. Halafu juzi amemkuta mkewe anasoma tovuti ile, na alipomkaribia mke akaifunika simu.

"Nasikia mle kuna ukurasa unasema tatizo linaweza kuwa la mwanaume," akasema. "Kama ndio anaousoma, maana yake huko nje ananitangaza. Nikilihakikisha hilo, Ijumaa anarudi kwao. Mama ameshaongea na wazee."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mwanamke yuko nyumbani kwake hajui lolote, na ndoa yake imeletwa ofisini kwangu nimfungulie mtu kompyuta. Nikashukuru Mungu kwa ule ubishi wa somo, kimoyomoyo.

"Haiandikwi," nikamwambia.

"Dada, mimi si mshamba. Yangu si huwa unanionyesha? Huyu kaingia kutoka Mbeya, huyu Mwanza."

"Hiyo ni yako. Ya somo nimeizima."

"Iwashe."

"Hata nikiiwasha sasa hivi itaandika kuanzia sasa. Ya juzi haipo popote. Na siiwashi."

"Basi nahamisha tovuti yangu."

"Hamisha, kaka. Nitakufungashia vitu vyako vyote vizuri, mpaka picha za chaja."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Nikafungua rekodi ya duka lake, mistari ikawa inateremka. Nikafungua sehemu ya somo: wageni, hakuna kitu, makosa, hakuna kitu. Nikamwachia kipanya apekue mwenyewe. Akapekua. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata maneno ya kumjibu nilikuwa nimeshayapanga, na yalikuwa makali.

Akavuta kiti akakaa. Jenereta la chini lilikuwa linaunguruma, naye alikuwa anaangalia ile sehemu tupu.

"Kwa hiyo hakuna anayejua nani kasoma nini."

"Hakuna."

"Hata wewe."

"Hata mimi. Hata somo mwenyewe."

Akajifuta uso kwa kiganja. "Hata akiwa mwanaume?"

Maneno yangu makali yote nikayameza. Sauti aliyoitumia sikuwahi kuisikia kwake, wala sidhani kama kuna mtu Kariakoo amewahi kuisikia.

"Hata akiwa mwanaume, kaka."

Akanipa simu yake. "Nifungulie."

Nikamfungulia ule ukurasa wenyewe. Somo ameandika humo kwamba mtoto asipopatikana wanapimwa wote wawili, na kwamba mume ndiye aanze, kwa sababu kipimo chake ni chepesi na hakiumi. Ameandika pia kwamba mwanaume akikutwa na tatizo bado ni mwanaume, na kwamba mengi yana matibabu. Nikamrudishia simu, nikageuza kiti changu kikatazama ukutani, nikaendelea na kazi za watu. Alisoma muda mrefu. Sikugeuka hata nilipomsikia anavuta pumzi.

"Hicho kipimo," akasema mwishowe, "mtu anaweza kwenda peke yake?"

"Anaweza."

"Ijumaa wanapima?"

"Wanapima. Wahi asubuhi."

Nikasikia kiti kinasogea. Nilitaka kumwambia ampigie mama yake simu leo hii, asisubiri Ijumaa, lakini somo alinifunda pia kunyamaza. Alisimama pale mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Dada, nakuomba. Mke wangu asijue kwamba nilikuja hapa."

"Kwani ulikuja lini?" nikamuuliza.