Ndama Mgongoni, Mama Yake Nyuma

Nakiri mapema, kabla mtu mwingine hajawasimulia vibaya: mimi ndiye yule aliyepiga magoti katikati ya hoteli ya watu pale Garsen, tai shingoni, ndama mgongoni, huku ng'ombe mzima akinyonyesha juu ya mabega yangu. (Aliyenyonya si mimi. Hilo liliongezwa na watu wa Idsowe.)

Kwanza mnijue. Mimi ni Buya, nina diploma ya masoko, na nilikaa Doha miaka saba, nikaanza kwa kufua mashuka ya wageni na kumaliza nikiwa msimamizi wa stoo nzima. Hakuna aliyenishika mkono. Wenzangu waliorudi na pesa za Arabuni walinunua pikipiki, mimi nikafikiri. Nikaenda Mombasa, nikanunua mabegi ya mgongoni, yale mepesi ya Wazungu wanaopanda milima na kuwinda, mitumba ndiyo, lakini kamera tupu, yaani chaguo la kwanza kabla ya mikono ya watu kupita. (Yenye mabaka ya kijeshi niliyaacha hukohuko, sitaki maswali ya polisi.) Na kuuza begi la mwindaji katika nchi ambayo kuwinda ni marufuku, ndugu zangu, si kazi ya mtu asiye na diploma.

Shida ilikuwa Mzee Maro wa Kulesa, babake Rehema. Nilikuwa nimepeleka posa, naye hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Binti yangu simpi mtu ambaye kazi yake sijaiona. Siku ya soko la mifugo nitakuja Garsen niione."

Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa ya kupata mke au kumkosa, na nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuapishwa. Nilifua mabegi yote kwa sabuni ya unga, nikayasuuza kwa ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua, nikavaa tai, nikayatundika kwenye kamba karibu na boma la soko. Mzee Maro akafika na dada yake, shangazi wa Rehema, mama asiyemeza neno lake, nikawaketisha kwenye hoteli ng'ambo ya barabara, nikawaagizia chai na mahamri. "Nyinyi tazameni tu kutoka hapa," nikawaambia.

Ndipo akaja Mzee Galgalo, mfugaji wa Kiorma mwenye ng'ombe wengi, ambaye akinunua kitu wenzake nao hununua. Akashika begi moja, akavuta mikanda, akaligeuza.

"Hii nyepesi sana. Nabeba nini?"

Nikamweleza kwamba limetengenezwa kubebea nyama ya mnyama mkubwa kuliko kongoni, kutoka porini hadi nyumbani, na mtu asisikie uzito.

"Nyama imekufa haipigi teke," akasema. "Mimi nataka ya kubeba ndama. Tukihama, ile imezaliwa juzi haiwezi kutembea. Kama hii inaweza, nachukua kumi na mbili."

Kumi na mbili! Mbele ya mkwe! Nikatupa jicho ng'ambo, nikaona shangazi ameshusha kikombe.

"Mzee, lete ndama."

Akaletwa ndama wa siku mbili, na nyuma yake mama yake, ng'ombe mweupe mwenye nundu na macho ya kuuliza maswali. Galgalo akaninyooshea fimbo.

"Ngoja. Kwanza mama anuse begi. Halafu anuse wewe. Akishajua, hana shida."

Jamani, hapo ndipo nilipoharibu. Nilimtazama yule ng'ombe puani, nikaona makamasi yanavyoning'inia, nikakumbuka sabuni yangu na maua yangu, nikasema, "Mzee, hii ni bidhaa ya hali ya juu, si ya kupangusia pua. Nitatembea hatua kumi tu."

Galgalo akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayetaka kushika jiko. "Haya, msomi."

Ndama akaingizwa miguu kwanza, kichwa kikabaki nje karibu na sikio langu. Nikafunga mkanda wa kiunoni, ta! Nikafunga wa kifuani, ta! Nikavuta kamba zote mpaka nikabanwa kama kifurushi cha posta. Na kwa kweli uzito sikuusikia. Nilichosikia ni ndama akiita "mbeee" ndani ya sikio langu, kisha akalikamata sikio lenyewe na kuanza kulinyonya.

Mama yake akanyanyua kichwa. Hebu jiwekeni mahali pake: anamsikia mtoto wake, harufu anayoipata ni ya maua ya dukani, na anachokiona ni mtu mwenye tai akiondoka na mwanawe. (Hata mimi ningemfukuza.)

Hatua kumi hazikufika. Nilimsikia Galgalo, "Simama! Usikimbie!" lakini miguu ilikuwa imeshaamua, na kadiri nilivyokimbia ndivyo ndama alivyolia, na kadiri alivyolia ndivyo mama yake alivyokaza mbio, nikapita katikati ya mbuzi wa watu, nikaruka matikiti maji ya mama mmoja, nikaikumba kamba yangu mwenyewe na kuondoka nayo, kwa hiyo sasa tulikuwa mimi, ndama, mabegi saba yakiburutika vumbini, ng'ombe, na nyuma yake soko zima likipiga mbinja. Nilikivuta kile kifungo cha kifuani kwa mikono miwili, lakini mchanga ulikuwa umeshaingia, hakisogei.

"Msomi, fungua!"

"Msomi, ingia mtoni!"

"Mrudishie mwenzako mtoto wake!"

Na kwa akili ile ya hofu nikakimbilia mahali pekee nilipojua nina watu wangu. Naam. Hotelini.

Mzee Maro alikuwa na hamri mdomoni. Niliingia kwa mlango wa mbele, ng'ombe akaingia kwa mlango uleule bila kungoja zamu, benchi likaanguka, shangazi akapanda juu ya meza kwa wepesi ambao sikuutarajia, nami nikafika ukutani, nikageuka, pembe zikawa hapa na pua hapa. Diploma haina somo hilo. Nikapiga ukelele, "Nisaidieni! Jamani nisaidieni! Mzee Maro, nisaidie!"

Galgalo akaingia taratibu, fimbo mabegani.

"Piga magoti. Mpe mgongo."

"Nimpe mgongo?"

"Kwani anataka uso wako?"

Nikapiga magoti, nikageuka. Ng'ombe akanusa begi, akapiga chafya, akanusa ndama, kisha akaanza kumlamba, na kwa kuwa vichwa vyetu vilikuwa pamoja akatulamba wote wawili bila ubaguzi, na ulimi wa ng'ombe, kwa mnaotaka kujua, ni msasa. Galgalo akanirudisha kinyumenyume hadi chini ya tumbo la ng'ombe. "Kidogo. Kidogo tena. Hapo." Ndama akaliacha sikio langu, akapata haki yake. Maziwa yakanichuruzika shingoni, yakaingia ndani ya shati. Mwenye hoteli akaja na kisu ili akate mkanda, na mimi, haki ya Mungu, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Usikate! Ni kamera hiyo!"

"Na huyu," akasema shangazi kutoka juu ya meza, "ndiye anayemtaka Rehema?"

Ndama aliposhiba akanikojolea. Hapo nikaruhusu wakate.

Galgalo alichukua mabegi kumi na mbili. "Begi nzuri," aliwaambia wenzake mbele yangu. "Mtu ndiye hajui kitu." (Kimasoko, hilo nalo ni tangazo.) Lakini Mzee Maro aliondoka bila neno, na siku tatu sikulala vizuri, mpaka akaniita Kulesa. Nikaenda bila tai.

"Buya," akasema, "tangu urudi, kila nikikuuliza jambo unalijua, na kila kitu umekifanya peke yako. Nikajiuliza, siku mambo yakimharibikia huyu akiwa na binti yangu, itakuwaje? Si atakufa naye ndani, mlango amefunga, aibu isitoke nje? Lakini juzi nimekusikia ukiomba msaada. Tena umeniita kwa jina."

"Niliita mara tatu, mzee."

"Nne. Ile ya mwisho ulikuwa chini ya ng'ombe. Lete wazee wako."

Kwa hiyo mke nimepata, na shangazi ameanza kunisalimia. Ila nimeapa: begi la kuuza halitagusa tena mgongo wangu. Anayetaka kulijaribu alivae mwenyewe, ajifunge mwenyewe, nami nitasimama kando, mikono mitupu, mguu mmoja tayari barabarani.