Ntirampeba na Jua la Ujiji

Ntirampeba alikuwa akifyatua matofali nyuma ya duka langu pale Kasulu, na kila alfajiri, kabla ya kazi, alikimbia. Alikimbia peke yake kwenye ukungu, barabara ya Kibondo, kwa sababu, alivyoniambia mwenyewe, nyumbani hakuwa na mtu wa kumwambia kumekucha. Mwaka wa 1972 yeye na dada yake Epifania walitoka Burundi mbio, wakapotezana karibu na Nyabibuye. Tangu hapo hajamwona.

Basi ilipotangazwa kwamba Sabasaba ya mwaka uliofuata kutakuwa na mbio za maili kumi, Ujiji hadi Kigoma na kurudi, na majina ya watatu wa mwanzo yatasomwa redioni, akanijia anahema.

"Mama Mwamvua, Epifania akisikia jina langu atajua niko mzima."

Kombe hakulitaka. Alitaka jina lisomwe.

Nikamwambia utakufa. Sina maneno laini, hata marehemu mume wangu alilijua hilo. Mimi mzaliwa wa Ujiji, baba yangu alikuwa tarishi, alipeleka barua kwa miguu miaka kumi na tisa, na nimeona watu wa huku juu wanavyoanguka wakishuka ziwani. Wanaanza na mwendo wao wa baridi! Nikamwambia aache alfajiri, akimbie saa saba mchana kwa wiki tatu, siku za mwanzo nusu ya njia tu, na anywe maji kabla hajaona kiu. Nikampa na kipimo cha baba: kila unayekutana naye msalimie salamu nzima, mpaka habari za watoto. Pumzi ikikatika kabla ya watoto, umezidisha, punguza.

"Na wakinipita?"

"Waache wapite. Utawakuta wamekaa."

Iliniuma kumtazama. Mchana ule watu wote wako kivulini, na yeye barabarani anasalimia, hakuna wa kumwitikia. Akawa anajiitikia mwenyewe.

Siku ya mbio sikwenda, duka lingebaki na nani? Alirudi kesho yake kwa basi, midomo imepasuka, meno yote nje. Mgeni rasmi alichelewa, wakaanza saa sita jua la utosi. Walikuwa thelathini na wanne, na kufika Kigoma yeye alikuwa karibu wa mwisho.

"Nilitaka kulia, mama. Wote wananiacha, na mimi nauliza habari za watoto."

Lakini wakati wa kurudi akaanza kuwakuta, mmoja mmoja, wamekaa chini ya miti wameshika vichwa. Akamaliza wa tatu. Wa tatu!

"Halafu karani wa mashindano akaniuliza, wewe ni mkimbizi? Nikamwambia ego, ndiyo bwana, mkimbizi sana! Tangu mtoto! Akaandika kitu kwenye karatasi yake."

Kwake neno lile lilikuwa la miguu. Walipovuka mpaka waliitwa wakimbizi, naye akaona sawa, si walikuwa wamekimbia? Hakujua kwamba mshindana mbio ni mkimbiaji, na kwamba lile neno jingine linaweza kumfuta mtu kwenye orodha. Nilimfundisha habari za jua zote, hilo sikulikumbuka. Na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Jioni nikawasha redio. Alikuja amevaa shati la kuazima, amechana nywele. Wakasoma washindi mkoa kwa mkoa, wakafika Mkoa wa Kigoma. Wa kwanza wakamsoma, wa pili wakamsoma. Wa tatu, wakasema, ni Abbasi wa Ujiji.

"Huyo alikuwa wa nne," akasema. "Nilimpita pale darajani."

Muziki ukaanza. Hakuinuka.

"Labda langu watalisoma kesho, mama. Ni jina refu."

Nikamwambia ndiyo, ni refu.

Alikuja kesho yake. Akaja na keshokutwa. Nami nikawa namwashia redio.