Kamba ya Kaburu

Harufu ya ngozi mbichi inayolainishwa kwa samli wengi wenu mtaikimbia. Mimi ikinifikia, hata kama nipo katikati ya soko la Bunda, nasimama. Inanirudisha Mugeta, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala la pamba, miaka ile ambayo sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana na trekta la kijiji limekalishwa juu ya mawe, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Wezi wa mifugo walikuwa wamechukua maksai wetu wote, na mshale wao mmoja ukamwachia baba mkono wa kulia usiokunjuka. Kilichobaki ghalani ni ulezi. Baba akatoa magunia akabadilishana na punda dume, mweusi mgongoni, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kukataa kabla hujamwomba. Tukamwita Kaburu. Wakati huo redio haikuwa na siku ya kupita bila kuwalaani makaburu wa kule kusini, na punda huyu naye alikuwa hasikilizi azimio la mtu yeyote.

Aling'ata, alipiga mateke, alilala chini akifungwa mzigo. Mama aliendelea kubeba maji kichwani kutoka lambo, na jua lilimkuta njiani wakati wenzake wameshafika mbali na kutayarisha mashamba. Baba alisema wazi: Kaburu asipofanya kazi kabla ya mvua, atauzwa, na pamba mwaka huo tutaiangalia kwa jirani.

Ndipo ikatangazwa semina ya wanyamakazi. Mwalimu wake aliitwa Elia, kijana mrefu kutoka Singida, shati lake limetiwa viraka kwa uzi wa rangi tofauti. Wadogo zangu wa kiume walikuwa bado watoto sana, kwa hiyo baba alinipeleka mimi. Wanaume walipouliza binti anatafuta nini pale, alijibu, "Huyu ndiye mkono wangu." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitamani kufundisha wanyama kuliko nilivyotamani sukari, na sukari niliitamani sana.

Siku ya kwanza Mwalimu Elia alituambia tusimame karibu na punda wetu, tusifanye lolote. Jua likapanda. Mzee mmoja akalalamika, "Serikali imeleta mtu atufundishe kusimama? Mbona tunasimamaga tu kila siku kwenye foleni?" Uwanja mzima ukacheka, mwalimu naye akacheka. Kisha akaja kwangu, akaishika kamba pamoja na mimi.

"Usimvute. Ukivuta naye anavuta, na yeye ana nguvu kukushinda. Kaza kidogo, halafu ngoja. Akisogeza hata kwato moja, legeza hapohapo. Kulegeza ndiyo asante yake."

Nikakaza, nikangoja. Kaburu akatazama milima. Nikaendelea kungoja mpaka nikasahau kwamba nangoja. Mara kwato moja ikasogea, nikalegeza, na yule mnyama akageuza kichwa akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake likitamkwa vizuri kwa mara ya kwanza. Nawaambia, siku hiyo sikuhisi njaa.

Tukampapasa kwa gunia tupu mpaka akaacha kushtuka. Tukamvisha mkanda wa kifuani wa ngozi mbichi iliyolainishwa kwa samli, akaburuta gogo. Mkokoteni ulikuwa bado. "Ule unapigaga kelele," mwalimu alisema. "Kelele ina somo lake."

Lakini siku ya kufunga semina wakaja wageni wa wilayani na Landrova. Wakatazama gogo likiburutwa, wakatazama saa. Mmoja wao, mwenye suti ya kaunda, akasema, "Ndugu mwalimu, tumekuja kuona mkokoteni. Tuna safari." Mwalimu Elia akafuta jasho kwa kiganja. Halafu akamfunga Kaburu mkokoteni, akanipa kamba.

Gurudumu likalia mara moja tu. Kaburu akaruka, kamba ikapita viganjani mwangu kama moto, nikaanguka kifudifudi. Nilipoinua uso, mkokoteni ulikuwa umepanda kichuguu, gurudumu limeng'oka, na wageni wanajipangusa vumbi. Baba alikuwa anakuja kwangu na fimbo, mkono wa kushoto.

"Kamba unampaje mtoto wa kike?" mwenye kaunda akauliza kwa sauti.

Mwalimu Elia akasimama kati yangu na baba. "Mzee, ngoja. Mtoto ameshika vizuri. Punda naye hana kosa. Nilijua hajazoea mlio wa gurudumu, nikamfunga kwa sababu nilitaka wageni wafurahi. Nimekosea mimi."

Hakuna aliyecheka. Baba akashusha fimbo. Landrova ikaondoka kabla hata soda walizoandaliwa hazijafunguliwa, na ninakiri sisi watoto hatukulisikitikia hilo.

Kesho yake semina ilikuwa imekwisha, lakini mwalimu alibaki. Alirudishia gurudumu, akawa anatikisa mkokoteni taratibu, mimi namshika Kaburu. Akitulia, kelele inakoma. Hivyo hivyo mpaka masikio ya punda yakalegea. Jioni Kaburu akavuta pipa la maji kutoka lambo, mama akitembea nyuma mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Msimu ule tulipanda pamba kwa wakati.

Baadaye biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kufika vijijini, kila mtu alitaka mnyama wa kuvuta mzigo. Wakawa wananiletea punda na maksai kutoka Bunda mpaka Kiriba, na kazi hiyo imesomesha wanangu. Kila mwanafunzi wangu naanza kwa kumsimamisha tu, naye analalamika.

Baba alikuwa mzee sana aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Mwalimu Elia alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na wale wageni walikuja kuamua kama atabaki. Hakubaki. Baba alikutana naye stendi akirudi kwao na sanduku lake la mbao, akamuaga kwa mikono miwili, ule mzima na ule mbovu.

Siku ile uwanjani niliona mwalimu amesema ukweli tu, jinsi nilivyodhani watu wazima wote wanavyosema. Sikujua kwamba mtu wa kutupiwa lawama alikuwa tayari pale chini, binti mdogo amejaa vumbi. Mwalimu angeninyooshea kidole tu, kila mtu angemwamini, hata mimi.