Ubao wa Tatu Kutoka Nyuma

Kandambili ikikatwa kwa kisu cha moto hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayokaa puani mpaka kesho yake. Kijiji chetu cha Nyegina, miaka ya mwanzo ya themanini, kilikuwa na harufu nyingi, za dagaa walioanikwa juu ya miamba na za mawe yaliyonyeshewa, lakini nikifumba macho inayonijia kwanza ni ile ya mpira unaoungua, kwa sababu magurudumu ya lori langu yalitoka kwenye kandambili. Na kandambili haikuwa kitu cha kuokota. Madukani rafu zilikuwa tupu, na mtu alivaa kandambili mpaka kisigino kinagusa ardhi, akaishona kwa waya, akaivaa tena. Majuma mawili nilizunguka kijiji nikivizia kandambili za watu zife. Bibi mmoja jirani yetu aliponiona namtazama miguuni aliniambia, "Bwire, hizi bado nazivaaga kanisani. Nenda kwa wengine." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikuona aibu yoyote, maana nilikuwa na kazi ya maana ya kufanya.

Lori nililokuwa nalijenga lilikuwa mfano wa lori la baba. Baba yangu alikuwa dereva. Msimu wa pamba alisomba magunia kutoka Mugeta na vijiji vya jirani na kuyapeleka kiwandani Bunda, na msimu ukiisha alipangiwa mizigo mingine, wakati mwingine mpaka Sirari, mpakani na Kenya. Lori lenyewe lilikuwa la tani saba, pua ndefu, rangi ya buluu iliyochakaa. Baba aliliita Shangazi, kwa sababu lina kelele na halikai nyumbani, na jina hilo likashika mpaka watoto wa Bunda walilijua. Shangazi huyo hakuwa amebaki kama alivyotoka kiwandani. Vipuri havikupatikana, kwa hiyo baba na seremala mmoja wa mjini Musoma walikuwa wamelifanyia ufundi kila mahali: bodi ya mbao badala ya bati lililooza, mbavu zilizoongezwa kimo ili pamba ipande juu, tanki la maji lililotengenezwa kutokana na debe. Wenzangu walijenga malori ya kubuni, yenye tairi nyingi kuliko akili. Mimi nilitaka Shangazi mwenyewe, na kila kiraka chake.

Kwa hiyo nilipima. Nilichukua kamba ya katani, nikaifunga mafundo kila shibiri, na nikaamua kwamba kila shibiri ya lori iwe upana wa kidole changu kimoja. Jumapili baba akiwa amelala baada ya misa, mimi nilikuwa chini ya Shangazi nahesabu mafundo. Spoku za baiskeli zikawa ekseli. Bati lilitoka kwenye debe la mafuta ya kula, nikaligeuza maandishi yakae ndani. Springi zilinisumbua sana, mpaka baba mwenyewe akaniletea kutoka Bunda vipande vya ule mkanda wa chuma unaofungiwa marobota ya pamba. Aliketi chini pamoja nami, dereva mzima na mguu wake mrefu, akanionyesha namna ya kuvipanga, kirefu juu, kifupi chini, na kuvikaza katikati kwa waya. Alilibonyeza lori kwa kiganja, likashuka, likainuka. "Huyu sasa anapumua," akasema. Sidhani kama nimewahi tena kusifiwa hivyo na mtu yeyote.

Ilikuwa kwenye bodi ndipo kamba yangu ilipokataa. Ubavu wa bodi kwa nje ulikuwa shibiri tano. Nikapanda juu, nikashusha kamba kwa ndani, nikapata shibiri nne. Nikarudia. Sakafu ya mbao haiwezi kula shibiri nzima. Nikagonga kwa ngumi, nikasikia uwazi chini yake, na kwa kupapasa nikagundua kwamba ubao wa tatu kutoka nyuma ulikuwa haukupigiliwa. Ukiusukuma pembeni unateleza. Chini yake kulikuwa na sakafu nyingine, na baina ya sakafu hizo mbili, katika vumbi la pamba, harufu kali ya sabuni. Ndipo nikaelewa kwa nini mama na majirani zake wachache walikuwa hawafulii majani ya mpapai kama wanawake wengine wa kijiji. Miche ile ya sabuni ilitoka ng'ambo ya mpaka, na wakati ule mtu akikutwa na vitu vya namna hiyo aliitwa mlanguzi na kufungwa.

Sikujua kukaa na jambo, nikamwuliza baba. Alikuwa ananoa kisu. Hakukasirika. Alitazama kwanza mlangoni, kisha akasema taratibu, "Wewe pima za nje tu. Za ndani hatuzisemagi. Umenisikia?" Nikajibu, "Ndiyo, baba." Akaniuliza tena kama nimesikia, nikajibu tena, na akarudi kwenye kisu chake. Nataka msomaji aelewe kwamba nilielewa. Watu wazima hupenda kuwasamehe watoto kwa kudai hawakujua, na mimi msamaha huo haunihusu.

Nilichofanya ni kujenga sakafu mbili. Nilijiambia kwamba hakuna atakayeona, na kwamba lori lenye sakafu moja lingekuwa la uongo. Nilichonga vibao kumi vyembamba kutoka sanduku la majani ya chai, nikavipanga juu, na ubao wa tatu kutoka nyuma nikauacha uteleze. Uwazi ulikuwa kidole kimoja kamili. Usiku mmoja niliiba kipande cha sabuni kilichobaki bafuni nikakiingiza humo, kikaenea. Majuma kadhaa nililiburuta lori langu njiani likiwa na siri tumboni, na furaha yote ilikuwa hapo, kujua kitu ambacho wengine wanaopita hawakijui.

Halafu shuleni ikaja siku ya maonyesho ya kazi za mikono. Wasichana walileta mikeka na vikapu, wavulana tulileta malori. Mgeni alikuwa bwana mmoja kutoka wilayani, mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipita mezani polepole akasimama kwa mwenzangu wa darasa, Mafuru. Mafuru alikuwa amejenga kitu kama basi na trekta vilivyogongana, lakini kioo chake cha mbele kilikuwa kipande cha picha ya eksirei ya babu yake, na ukikiangalia vizuri unaona mbavu. Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Akasema kijana huyu ni mbunifu. Mbele ya Shangazi wangu, mwenye springi zinazopumua na vipimo visivyokosea hata kidole, alisema tu, "Na hili zuri," akaanza kwenda.

Sikupanga kusema. Mdomo ulinitangulia. "La kwangu lina sakafu mbili," nikasema, na nikausukuma ule ubao. Mgeni akarudi. Akainama, akachungulia, akakitoa kile kipande cha sabuni kwa vidole viwili, akakinusa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, nikiwa na raha isiyo na kifani. "Hii umebuni mwenyewe?" akauliza. Nikamwambia hapana, sikubuni kitu hata kimoja, hili ni Shangazi wa baba yangu kama alivyo. Nilisema kwa hasira kidogo, kwa sababu alikuwa anadhani usahihi wangu ni ubunifu. Akanishika kichwa, akarudisha sabuni mahali pake, akaufunga ubao vizuri. Nilipata daftari mbili na penseli. Mafuru alipata penseli tu.

Jumatano iliyofuata Shangazi alisimamishwa kwenye kizuizi karibu na Bunda. Utingo wa baba alifika nyumbani kwa miguu kesho yake asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope, akamweleza mama akiwa amesimama mlangoni, na mimi nikiwa ndani nasikia. "Mama, hata hawakutafuta," alisema. "Tumepitaga pale miaka yote, wanapanda wanachoma magunia na fimbo wanashuka. Safari hii mmoja amepanda, amehesabu mbao. Moja, mbili, tatu. Akainua." Mama aliuliza ni nani aliyemsema baba. Akataja mwenyewe jirani mmoja waliyegombana naye kuhusu mbuzi, kisha seremala wa Musoma. Alimnunia yule jirani miaka mingi, na mimi niliwatazama wakipishana njiani bila kusalimiana, nikanyamaza.

Baba alikaa ndani miezi minane. Kazi ikaenda, leseni ikaenda, na Shangazi akapewa dereva mwingine aliyemwangusha kwenye korongo kabla mwaka haujaisha. Sisi tulirudi kwenye majani ya mpapai. Mikono ya mama ilipasuka, na shati langu la shule likawa na rangi isiyo na jina. Juma lile lile la kwanza niling'oa sakafu ya juu ya lori langu, vibao vyote kumi, nikavitia jikoni vikaungua chini ya sufuria ya ugali wa jioni. Kile kipande cha sabuni nilikitupa ziwani. Ikabaki sakafu moja tu, ya chini, kama ya malori ya watu wengine wote.

Aliporudi, baba alikuwa mwembamba na nywele zimenyolewa, na alizungumza kwa sauti ndogo kama mtu aliye kwenye nyumba ya wageni. Siku ya pili alilikuta lori pembeni ya ghala. Nilikuwa namenya mihogo, nikamwona akiliinua. Alizungusha gurudumu, akabonyeza springi. Kisha akaweka vidole vyake ubavuni kwa nje, akahesabu. Akavishusha ndani, akahesabu. Akarudia, kama nilivyorudia mimi siku ile na kamba yangu. Nje na ndani vilikuwa sawa. Hakunitazama. "Umeitoa," akasema. Nikasema, "Ndiyo, baba." Nilijua kwamba amejua, na alijua kwamba ninajua. Hapo ndipo nilipaswa kuanguka miguuni pake. Niliendelea kumenya mihogo.

Haikupita miaka mingi, tukaambiwa ruksa, kila mtu alete na kuuza anachoweza. Malori yale yale yakaingia kutoka mpaka ule ule yakiwa wazi, sabuni juu kabisa ya mzigo inapigwa na jua. Pale sokoni Mwigobero, mjini Musoma, wachuuzi waliipanga kando ya mafungu ya sato na dagaa, miche ya njano na ya buluu, na waliita wateja kwa majina. Baba, ambaye sasa alitengeneza baiskeli chini ya kibanda cha makuti ya miwale, alikwenda huko siku ya kwanza aliposikia. Mama alituambia kwamba aliushika mche mmoja muda mrefu, akauzungusha, mpaka mchuuzi akamwuliza kama anauogopa. Tulicheka wote, baba pia. Mimi nilicheka kwa tabu.

Lori langu baba alikuwa ameliweka juu ya kabati la vyombo, na likakaa huko. Nilikua, nikawa fundi ujenzi, nikahamia mjini Musoma, nikaoa. Kila nilipokwenda Nyegina baba alinyoosha kidole kwenye kabati: "Lori lako lile pale. Wapelekee watoto wakachezee." Na kila mara nilijibu, "Liache tu, baba, litawavunjikia." Miaka thelathini na zaidi nilisema sentensi hiyo moja. Sikuweza kuligusa. Nilidhani anapenda tu kunikumbusha, na zipo safari nilizozikatisha kwa sababu nilijua atasema, na mara nyingine nilimwona mkatili. Alipozidiwa, mvua za vuli iliyopita, alisema tena akiwa kitandani, kwa shida, na mimi nikamjibu vile vile.

Baada ya arobaini mama akanipa nilibebe, hakuna wa kumwachia. Nilipolishusha nikasikia kitu kinagonga ndani. Nikapuliza vumbi. Sakafu ilikuwa juu kuliko nilivyoiacha. Vibao kumi, vilivyochongwa na mkono mpole kuliko wangu, na ubao wa tatu kutoka nyuma haukupigiliwa. Mama akaniambia, "Hiyo aliirudishaga mwenyewe, mwaka ule sabuni zilipoanza kuuzwa. Nikamwuliza ya nini. Akasema, Bwire ataiona siku akilichukua lori."

Nilipeleka lori nyumbani kwangu. Watoto wangu wamekua na magari ya plastiki ya dukani, mekundu na ya njano, yanayofanana kabisa na ya jirani, na bafuni kwetu kuna sabuni za aina nne ambazo mke wangu hutupa zikibaki vipande. Sioni ubaya wa maisha haya, na sitaki mtoto yeyote arudi kwenye majani ya mpapai. Lakini kosa lililompeleka baba ndani halipo tena popote, limefutwa kama halikuwahi kuwapo, na langu mimi lipo, maana aliyetaka kulifuta alinisubiri mpaka pumzi ya mwisho na mimi nikimwambia aliache juu ya kabati. Niliusukuma ule ubao peke yangu, mezani. Ndani kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, kimekatwa kwa kisu kienee kwenye uwazi wa kidole kimoja, kimekauka na kupasuka katikati. Nilikiweka puani nikavuta pumzi kwa nguvu, mara kadhaa. Kilikuwa kimeshaisha harufu.