Bata wa Pili wa Venel

Venel alikuwa hapendi nafasi tupu. Miaka kumi na miwili nilimkandia udongo pale kwenye karakana ya vyungu, na sikuwahi kumwona akichora chombo akaacha hata upana wa kidole: simba, nyuma yake mbuzi, nyuma yake chui, na kila penye mwanya anapachika ua. Nikimtania, "Simba hujamwona hata siku moja, mbona umempa sura ya shemeji yako?" anacheka mpaka brashi inamtetemeka mkononi.

Ndiyo maana nilishangaa mkewe, Ramatha, alipofariki. Gudulia la divai alilomchorea aende nalo kaburini lilikuwa na bata bukini mmoja tu, mnene, shingo juu, Ramatha kabisa. Nyuma yake patupu. Wenzetu wakasema huzuni imemlegeza mkono. Mimi aliniambia, "Pale ni pangu, siku nikilazwa ubavuni pake."

Ramatha akalazwa kwenye kaburi la ukoo wa wazazi wake, chumba kilichochongwa mwambani, na Venel akarudi kula uji wake wa ngano peke yake. Miaka minne. Nilikuwa nampelekea maharage, anashukuru, anafunga mlango. Iliniuma, sifichi.

Kisha mama mkwe wake akafa, na jiwe la mlango wa kaburi likaondolewa. Venel akamfuata Avile, kaka yake Ramatha, palepale msibani.

"Shemeji, niahidi nafasi kando ya mke wangu."

"Vitanda vya mawe vimebaki viwili, shemeji, na mimi nina wanangu. Mngezaa, tungeongea mengine."

Mtu mzima hovyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe yake, Venel akanishika mkono.

"Basi niruhusu nimsalimie tu."

Tukaingia wawili, mimi nimeshika taa. Gudulia lilikuwa miguuni pa Ramatha, limejaa vumbi. Venel akalipangusa kwa pindo la vazi lake, akatoa brashi na kikombe cha udongo mweusi wa kuchorea, akamchora bata wa pili nyuma ya yule wa kwanza, karibu, mdomo ukigusa mkia.

"Venel, hiyo rangi haijapita tanurini. Itapukutika."

"Najua."

"Hata mwaka haitamaliza."

"Dada, nimekwambia najua. Sogeza taa."

Nje Avile akaita kwamba wanataka kurudisha jiwe. Venel alikuwa amepiga magoti, anaipuliza rangi ikauke.