Kila Mtu Ana Ushauri wa Trela la Delbert

Lavonne Hruska alikuwa ameshakaa ndani ya pikapu, mkanda umefungwa, pochi mapajani, na safari haina dalili ya kuanza. Nje, mumewe Delbert alikuwa amelala chali nyuma ya gari akigombana na mnyororo.

Walikuwa wanarudi Nebraska. Baridi huwa wanaikimbia, wanakwenda Arizona, kama wastaafu wenzao wote kwenye ile kambi ya matrela, na jua la Aprili likianza kuchoma wanafungasha. Trela ndiyo nyumba yao, maana ile ya kweli waliiuza Delbert alipostaafu. Kwa hiyo kiapo cha Lavonne hakikuwa cha mchezo. Oktoba, kwenye mteremko mmoja wa New Mexico, lori kubwa liliwapita, trela likaanza kuyumba, likaivuta pikapu kushoto, likaivuta kulia, hata Lavonne akasali sala zote anazozijua na nyingine akazitunga palepale. Likiyumba tena, alisema, hata mara moja, linauzwa. Yeye anahamia Omaha kwa dada yake, Delbert aje au asije.

Dawa ya kuyumba huko ni vyuma viwili vya springi vinavyofungwa kati ya trela na gari. Trela likikalia mkia wa pikapu, pua inainuka na usukani unakuwa mwepesi. Ukivikaza vyuma kwa minyororo yake, uzito unarudi mbele. Unapima kwa futi urefu wa madigadi ya mbele kabla ya kuunga trela, unaunga, unakaza mpaka pua irudi karibu palepale ilipokuwa. Ni kazi ya asubuhi moja, na Delbert alikuwa nayo tangu juzi.

Haya, na wale wanaume wa kambi! Kule mtu haachwi aunge trela peke yake. Ukitoa jeki tu, hao wanakuja na vikombe vyao vya kahawa, wanashusha mlango wa nyuma wa pikapu yako, wanaukalia, wananing'iniza miguu na kuanza kukufundisha. Kuwafukuza ni kukosa adabu. Trela likishaungwa ule mlango haushuki tena, basi wanasimama kando na wanaendelea kufundisha.

"Kaza mnyororo pete moja zaidi," alisema Merle, jirani wa kulia, mtu wa kitambi.

"Usimsikilize huyo," alisema Gaylord, jirani wa kushoto, mwenye kitambi zaidi. "La kwake mwenyewe linamshinda. Legeza."

"Futi inasema nilegeze," alijibu Delbert, akalegeza, akawasha gari, wakazunguka kambi. Pua ikaelea.

"Delbert, usukani mwepesi huo," alisema Lavonne. " Naona unavyoushika kwa vidole viwili."

"Futi haidanganyi, mama."

"Basi kaioe hiyo futi."

Wakarudi, wakafungua trela, kazi ikaanza upya. Lavonne alishuka akiwa amechoka mpaka kwenye kucha. Delbert alipiga goti kwenye gurudumu la mbele na futi yake. Kule nyuma Merle na Gaylord walikuwa wameshakaa mahali pao juu ya mlango wa pikapu, wanakula mikate ya mdalasini, tena ya kwake Lavonne. Merle akasimama kuchukua mwingine, na pua ya gari ikashuka.

Lavonne akaitazama.

"Merle, hebu kaa tena."

Akakaa, pua ikapanda.

"Shukeni. Wote wawili."

"Mama, tumekukosea nini?"

"Shukeni, nimesema."

Wakashuka. Delbert akapima, akapima tena, pua iko chini kuliko vipimo vyake vyote, akabaki kaitazama futi.

"Kumbe tangu juzi napima makalio yenu," alisema.

"Mimi si nilisema kaza?" Merle akajitetea.

Delbert akaunga, akakaza, na kabla ya adhuhuri walikuwa barabara kuu. Lori likaja nyuma yao, kubwa kama lile la Oktoba. Lavonne akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Lori likapita. Trela likafuata taratibu kama ng'ombe aliyeshiba.

Akageuka amseme, maana alikuwa na maneno ya siku tatu kifuani. Delbert alikuwa analia. Aliingiza gari pembeni, akasimamisha.

"Siku ile ya mteremko," alisema, "nilifumba macho, Lavonne. Nikaachia usukani. Trela likajinyoosha lenyewe. Sikufanya chochote."

Majira yote ya baridi Lavonne alikuwa amelala kando ya mtu huyu, naye hakuwa amemwambia. Hasira ilimpanda, kisha akamwona anafuta machozi kwa mkono wa shati, na yale maneno ya siku tatu akayameza.

Akafungua mkanda.

"Hamia huku," alisema. "Naendesha mimi."

Delbert akashuka bila ubishi, kwa mara ya kwanza tangu amwoe. Walipokutana mbele ya gari Lavonne alimshika mkono, wakasimama pale kidogo, malori yakiwapita.